Mama Anaonja Kwanza

Hapa Goma mtu akikonda, watu hawamuulizi anaumwa nini. Wanamuuliza alikula kwa nani. Swali hilo niliulizwa mpaka nikachoka kulijibu, na kuchoka ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote mwaka ule. Nilikuwa na kansa ya titi. Walikuwa wameshalikata, na sasa kila baada ya wiki tatu nilikwenda hospitali kutundikiwa dawa, ile wanayoiita kimio, kisha nikarudishwa nyumbani Ndosho kwa pikipiki, macho nimeyafumba, kila jiwe la barabarani likinipanda tumboni.

Mama yangu alikuwa amekuja kukaa nami. Vita vilimtoa shambani kwake Rutshuru akiwa na vitenge viwili na sufuria moja, na alipofika akakuta mwanawe amebaki nusu. Nilimweleza habari zote za kansa. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Sawa. Lakini ulikulaka kwa nani?"

Mama si mjinga. Aliamini kansa, akaamini na sumu, na hakuona kwa nini moja iifukuze nyingine. Kwao humpi mtu kinywaji kabla hujakionja mbele ya macho yake, aone kwamba mikono yako haina kitu. Wageni ndio hufanyiwa hivyo, na pombe ya harusi. Sasa Mama akaanza kunifanyia mimi, mtoto wake wa kumzaa. Akaonja uji wa masoso, ule wa mahindi, soya na mtama, akaonja mashanza, maziwa yale mazito ya mgando, akaonja mchuzi wa sambaza, dagaa wa ziwani, na hata maji ya kumezea vidonge. Supu aliyoileta jirani aliionja mara mbili, kwa sababu jirani yule, alisema, anacheka sana.

"Kunywa, mwana wanjye. Nimeshaonja. Si unaona niko muzima?"

Mimi sikuwa na shida na sumu. Shida yangu ilikuwa mdomo. Kimio iliniharibia ladha ya kila kitu. Mimi ni mshonaji, nimebana pini kwa meno tangu usichana, kwa hiyo chuma nakijua, na sasa kila chakula kilikuwa chuma. Nyama chuma, avoka chuma, chai chuma yenye sukari. Siku nilipokosea nikamwambia Mama kwamba uji una ladha ya msumari, alibeba sufuria nzima akaumwaga nje kwenye mawe meusi, na unga ule ulikuwa wa mwisho nyumbani. Tangu hapo nikajifunza kufunga mdomo. Nilisema tu nimeshiba, nikiwa nimemeza vijiko viwili.

Hospitali muuguzi alinipandisha kwenye mzani kila nilipofika. Alikuwa mama mnene, mpole, na nilimwonea wivu mikono yake. Kila mara aliniambia maneno yale yale: kula kidogo kidogo, usingoje njaa, maana njaa haitakuja. Tia karanga ndani ya uji. Ponda avoka, tafuta yai. Kisha akaongeza kwamba dawa imeshusha nguvu za damu yangu, ugonjwa mdogo tu wa mtu mwingine unaweza kunilaza, kwa hiyo mtu yeyote asitie mdomo kwenye kikombe changu.

"Hata Mama?" nikauliza.

"Mama ndiye wa kwanza. Ba mama ndio benye kuonja."

Nilifika nyumbani nikijua kuna vita. Mama alisikiliza habari hiyo amekaa karibu na mbabula, akipuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa. Alikasirika, nilimwona. Kunipa mimi mtoto wake kitu ambacho hakukionja, kwake ilikuwa kama kunitupa. Kesho yake asubuhi akaja na vikombe viwili. Alimimina uji mbele yangu kutoka sufuria moja, nusu huku, nusu kule, akanyanyua cha kwake, akapiga funda moja, akasubiri kidogo na mimi nikasubiri, kisha akanisukumia changu. Mimi nikanywa funda moja au mawili. Halafu vikombe vyote viwili vikarudi jikoni.

Tukaishi hivyo. Sikuwa na nguvu ya kucheka wala ya kugomba.

Kisha nikavimba. Daktari alikuwa amenipa vidonge vya kuzuia kutapika, na vidonge vile vilinijaza mashavu na miguu, shingo ikapotea. Mimi niliyekuwa nimebana sketi zangu mara mbili, sasa nilizifumua mshono. Kina mama wa kanisani walikuja kunitazama, wakapiga vigelegele mlangoni.

"Mungu ni mukubwa! Mama, umenona! Umeshapona!"

Mmoja alinifinya shavu kama mtoto wa batizo. Nilitabasamu, kwa sababu kutabasamu kulichosha kidogo kuliko kueleza. Lakini ndani nilichukia. Nilichukia mashavu yale yasiyo yangu, na nilichukia kuona kwamba nikiwa mnene watu wananipenda wazi zaidi. Muuguzi ndiye aliyenisemea ukweli. Alibonyeza mguu wangu kwa kidole, shimo likabaki pale. "Ni maji, Mama. Haiko nyama."

Maji yalipotoka, mzani ukaonyesha kilo chache zilizobaki chini yake. Daktari aliangalia, akavua miwani. Alisema mwili wangu hauna kitu cha kupigania tena. Kama safari ijayo nitakuwa nimeshuka hata kidogo, atasimamisha dawa, kwa sababu ataniua yeye kabla ya kansa. Alisema kwa sauti ya kawaida, na mimi nikaitikia kwa sauti ya kawaida, nikatoka nje nikakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine. Niliogopa. Niliogopa kuliko siku ya kukatwa.

Ungefikiri mtu akiogopa hivyo atakula. Mimi nilirudi nyumbani, Mama akamimina vikombe viwili, akapiga funda lake, na harufu tu ya uji ikanigeuza tumbo. Nilikisukuma kikombe kikamwagika kidogo mezani.

"Mama, niache! Hakuna sumu! Hakukuwa na sumu hata siku moja! Niache nipumzike!"

"Wihangane," akasema. Pole. Akafuta meza kwa pembe ya kitenge chake, akabeba vikombe viwili, akaenda.

Katika kimio huwa kuna siku chache nzuri, karibu na mwisho wa zile wiki tatu, mwili unapoanza kusahau. Siku moja ya namna hiyo niliamka nikatamani cherehani. Nilikuwa nimeona aibu ya kumpigia Mama kelele, na mshonaji haombi msamaha kwa mdomo. Pasaka ilikuwa karibu, na yeye hakuwa na blauzi ya kwendea misa; ile aliyokuja nayo ilikuwa imeliwa na sabuni ya kufulia mashuka yangu. Nilikuwa na kipande cha kitenge cha kijani cha mteja ambaye hakurudi. Nikakata.

Sikumpima. Vipimo vya Mama navijua kwa kichwa tangu nilipojifunza kushona, kwa sababu yeye ndiye niliyejifunzia. Kifua chake, mabega yake, mkono wake mnene wa kulima, ningekata hata gizani. Nilishona polepole, nikipumzika kila mshono mmoja, na nikimaliza upande mmoja nafurahi kama mtoto. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nilikuwa nimebana pini mdomoni kwa ajili ya mtu, na ladha ya chuma ikawa mahali pake.

"Mama, njoo ujaribu."

Alikuja akifuta mikono. Alivua sweta. Huku kwetu baridi ya asubuhi haina mchezo, na Mama alikuwa hatoki ndani ya sweta lile, juu ya sweta kitenge, juu ya kitenge kitenge kingine. Akavaa blauzi. Ikamning'inia. Mabega yalishuka mpaka mikononi, na kifuani pangeingia mtu mwingine.

Kwanza nilifikiri nimekosea kukata. Nilikasirikia kichwa changu, nikasema dawa imekula hata akili. Nikachukua mita yangu, nikampima kifua, nikampima tena. Nikashika mkono wake. Vidole vyangu vilikutana upande wa pili.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana."

"Unakula nini?"

"Niko nakula. Ku jiko."

"Mama."

Aliangalia chini, akachezea ukingo wa blauzi, kama mimi nilivyokuwa nikifanya nikiwa mdogo nikikamatwa na uongo.

"Weye ukikula kidogo, miye nakula kidogo," akasema. "Ukikataa, nakataa. Nitakula namuna gani, na mutoto wangu hajakula? Ingenipita wapi?"

"Na ule uji wa kikombe chako?"

"Narudishaka mu sufuria. Pengine utauomba kisha."

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani. Nchi nzima ilikuwa inajua kilo zangu. Muuguzi alikuwa anazijua, kanisa lilikuwa linazijua, jirani mcheka sana alikuwa anazijua. Huyu aliyelala chumba kimoja nami hakuna aliyemtazama. Nililia, na yeye akadhani nalilia kitenge, akasema si kitu, utaibana.

Nikamwambia alete uji. Akauleta, akaweka vikombe viwili mezani, akamimina nusu huku, nusu kule, akanyoosha mkono kuchukua cha kwake. Nikaushika mkono ule.

"Leo naonja mimi."

Uji ulikuwa na karanga, ulikuwa wa moto, na ladha yake ilikuwa msumari mtupu. Nikameza. Nikasubiri kidogo, na yeye akasubiri, akinitazama mdomo.

"Kunywa, Mama. Si unaona niko mzima?"

Akapiga funda moja, akaweka kikombe chini, akangoja. Hapo nikaelewa kazi niliyonayo. Nikapiga funda la pili. Naye akapiga la pili.