Pampu ya Saba na Kifaa Kilicholala

Mianda Kabongo ana kazi ambayo mtaa mzima wa Dilala umeshindwa kuieleza. Anakaa mezani kwa baba yake, katika nyumba ya zamani ya kampuni, akitunga sheria za usingizi wa mashine ambazo hazipo. Ndivyo anavyosema mwenyewe, na majirani wakaacha kuuliza.

Kwa kweli si ngumu hivyo. Kompyuta moja kubwa inaweza kubeba tumboni kompyuta nyingine za kuigiza, na kila moja ya hizo inapewa vifaa vya kuigiza: skrini ya uongo, kadi ya mtandao ya uongo. Kila kifaa kina programu inayokiamuru. Mianda anaiita shefu. Shida ilikuwa kwamba shefu akitaka kupumzisha kompyuta, alijua amri moja tu, ya kufuta kila kitu. Kifaa kikilala, kinasahau. Kikiamka, skrini nyeusi tii, na mwenye kazi yake ashike kichwa. Mianda akapewa kazi ya kubuni ishara mpya: shefu aseme "lala", kifaa kimalize kilicho mkononi, kijibu "nimelala", kisha kitunze kila kitu mpaka kiambiwe "endelea".

Baba yake, Tata Polycarpe, aliipenda sana ishara hiyo. Alikuwa na sababu.

Miaka ishirini na miwili iliyopita alikuwa mtu wa pampu kwenye shimo la shaba. Kampuni yake, ambayo tuiache bila jina maana hata yenyewe imejisahau, ilimwandikia barua ya congé technique: hufukuzwi, hufanyi kazi, kaa nyumbani mpaka utakapoitwa. Akakaa. Barua akaitia plastiki. Kila Jumatatu anaipiga pasi salopeti yake, ovaroli ya kazini. Na kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, saa za zamu yake, hatoki nje ya ua, kwa sababu tarishi akija asimkute, ataandikwa mtoro. Ndugu zake wote wamezikwa alasiri, au wamezikwa bila yeye. Tata Mbayo, mkubwa aliyetia saini ile barua, alizikwa saa nne asubuhi. Polycarpe hakwenda, alikuwa nyumbani, anangoja kuitwa na Tata Mbayo. Kwenye ofisi ilikoandikwa barua, leo wanachoma kuku.

Mkewe, Mama Agnès, alingoja naye miaka kumi na minne, kisha akarudi Kasaji kulima shamba la baba yake. Tata alimwahidi kumfuata baada ya wiki mbili, akishapata habari. Sasa ni mwaka wa nane. Kila Jumapili baada ya misa Mama anapiga simu na kuuliza neno moja: balikuita? Yaani, wamekuita kazini? Tata anajibu bado, kisha wanazungumza habari za mahindi, kama watu wasiokosa kitu. Jumapili ile ya mwanzo wa mvua Mama aliongeza jambo: akimaliza kupanda mwaka huu bila kumwona, hatauliza tena. Hakugomba. Hilo ndilo lililomtisha Mianda.

Wiki hiyo hiyo Gael, mwenzake wa kazi aliyeko Lubumbashi, alisoma rasimu ya sheria akairudisha na swali. Shefu akianguka wakati kifaa kimelala, kifaa kifanye nini? Mianda alikuwa ameandika kwamba kitaendelea kungoja. Gael akaandika pembeni: mpaka lini, mpaka Yesu arudi? Hakujua anamsema nani.

Mianda akalipeleka swali kwa mtaalamu. Ilikuwa saa tatu asubuhi, zamu imepamba moto: Tata alikuwa barazani, buti zimeng'arishwa, hafanyi chochote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kifaa lazima kingoje, kwa sababu kimeshika kazi mkononi, na huwezi kuangusha kazi chini hivi hivi. Akaanza kutaja zake, pampu moja moja, ipi ilikuwa na presha gani siku ile alipotoka.

"Ya saba, valvu yake inakwamaka," akasema. "Hauipige na nyundo. Unaipiga na kiganja, pole-pole, sawa mugongo ya mutoto."

Lile shimo limejaa maji, na pampu ya saba iliuzwa zamani kama chuma chakavu. Tata alijua. Aliiona ikipita juu ya lori, kwa bahati saa tisa alasiri.

"Tata," Mianda akamwuliza, "na kama shefu mwenye alikilalisha alishakufa?"

Tata aliigeuza barua yake ya plastiki upande huu na upande ule. Muuza mikate alipita, akafika mwisho wa njia, akarudi.

"Andika: kiache kungoja. Shefu mwingine akikiita, kiitike. Kianze sifuri." Kisha akauliza: "Kikianza sifuri, kitakuwa kile kile?"

"Kile kile, tata. Ni kumbukumbu tu njo zinatoka."

"Tu," akasema Tata.

Akamtaka Mianda kwanza aandike kumbukumbu zake yeye, zisipotee. Mianda aliandika pampu zote kumi na moja, valvu kwa valvu, mpaka saa nane kamili, katika faili ambalo hakuwa na mtu wa kumtumia. Ndipo Tata akapiga simu Kasaji, ingawa haikuwa Jumapili. Mama akauliza swali lake.

"Hapana," Tata akasema. "Ni weye njo uliniita. Miaka munane. Mi niko nakuya Kasaji."

Simu ikaleta sauti za kuku wa Kasaji tu.

Tata aliondoka Alhamisi saa moja asubuhi, zamu ikiwa imeshaanza, nyuma ya taxi-moto, na kofia yake ya mgodini kichwani. Alisema ni kwa ajili ya pikipiki. Mlangoni aliacha maandishi ya chaki: Kabongo Polycarpe, iko Kasaji. Chini yake, namba ya simu.

Gael aliikubali sheria yenye jibu la Tata bila kubadilisha neno. Mvua iliyofuata ikafuta chaki, na Mianda akairudishia kwa rangi ya mafuta. Anaishi peke yake sasa. Sokoni anakwenda baada ya saa nane. Anasema asubuhi kuna watu wengi.