Mgeni Asiyepewa Jembe

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipokuwa kiranja mkuu wa shule ya bweni karibu na Garsen, nikiwa na beji kifuani na upumbavu mwingi nyuma yake. Umeniambia kwenye simu kwamba wanafunzi wenzako wamekuchagua uwaongoze, na kwamba unataka nikuandikie hotuba kuhusu yule msichana asiyeona aliyeletwa darasani kwenu. Hotuba ninazo tele. Nilizisomea chuo kikuu, na nimenyweshwa chai nyingi ya hoteli kwa kuzitoa. Lakini kabla ya maneno, acha nikupe Godana.

Godana alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kiorma. Homa ya utotoni ilimnyong'onyeza miguu, akawa anatembea kwa magongo aliyochongewa na babu yake. Mwaka ule bomba la shule lilikauka, nasi tuliteka maji kwenye kisima cha mchangani nyuma ya jikoni, bweni kwa bweni. Zamu nilizipanga mimi. Godana alipofika, nilisimama gwarideni nikatangaza kwa sauti ya waziri: "Kuanzia leo, ndugu yetu Godana hatateka maji. Ni wajibu wetu kumsaidia." Walimu wakapiga makofi. Kichwa changu kikavimba hadi kikaivuka kofia.

Siku si nyingi babu yake, Mzee Dube, akaja na maziwa kwenye kibuyu na hasira usoni. Hakwenda ofisini. Aliniulizia mimi.

"Wewe ndiyo natoa mtoto yangu kwa zamu?"

"Ndiyo, Mzee. Tunamhurumia."

"Yeye naiba?"

"Hapana, Mzee!"

"Basi nakufa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kwa wafugaji, anayeshika kamba kwa zamu yake ndiye ambaye mifugo yake hunywa, na ndiye anayesikilizwa watu wakikaa kujadili. Kumtoa mtu kwenye zamu ni adhabu. Ni kumwambia hana kwao hapo. Mimi ni Mpokomo wa Kinakomba, mtoto wa migomba ya ukingoni mwa Mto Tana. Mto wetu hauulizi zamu ya nani. Mambo ya kisima ningeyajulia wapi?

"Miguu nakataa," akasema Mzee, "lakini mkono yake wewe naona?" Akamwambia mjukuu wake anyooshe mikono, ile mikono iliyobeba mwili mzima miaka yote. "Kalisha yeye kwa mdomo ya kisima. Yeye navuta, nyinyi nabeba."

Tukamkalisha. Mwanangu, yule kijana alivuta kamba mpaka sisi wa kupokea ndoo tukaomba poo. Aliimba nyimbo za kisimani za kwao, nasi tukaitikia bila kuelewa hata neno. Tukizembea alitufokea: "Nyinyi wakulima, mnangoja mto uje wenyewe?" Alikuwa na ulimi mchafu, mvivu wa hesabu, na kwenye bao aliiba kete mchana kweupe. Hapo ndipo nilipojua kwamba amekuwa mwenzetu: watu walianza kumchukia kwa sababu za kawaida.

Kisha shule ikapata wageni, na wageni wakaja na kiti cha magurudumu na kamera. Mwalimu mkuu, mtu mwema kabisa, akamkuta Godana kisimani amelowa matope hadi kiunoni. Akanivuta kando.

"Unataka tuonekane tunamtesa kilema?"

"Mwalimu, mwenyewe anapenda."

"Nani amekuuliza anachopenda?"

Godana akaoshwa, akavalishwa sare mpya, akawekwa kwenye kiti kivulini kando ya stoo, uso umeelekea kisima. Picha ikapigwa. Kiti kilikuwa kizuri sana, ila kilitengenezewa watu wenye sakafu. Mchangani kilizama papo hapo. Wageni wakaondoka, amri ikabaki: Godana asiguse kamba.

Nikapinga gwarideni, kwa hotuba iliyojaa haki na usawa, nikavuliwa beji. Nikajiona shujaa. Nikazunguka shuleni na huzuni ya kupendeza, nikingoja mtu aniulize nina nini. Godana hakuwa na beji ya kuvuliwa. Alikaa kivulini kila asubuhi akisikiliza tukiuimba vibaya wimbo wake, mpaka tukauacha.

Kabla ya muhula kwisha, Mzee Dube akaja na punda. Safari hii hakufoka. Akampandisha mjukuu wake, akayafunga magongo, kiti akakiacha palepale. Nikamkimbilia.

"Mzee, mwache amalize shule. Mimi nampigania."

"Kijana, mtu nakaa kivulini, wengine nateka maji, huyo ni mgeni. Mgeni nakunywa, nashukuru, narudi kwao."

Godana akanitazama kutoka juu ya punda. "Kamba imelika kule chini," akasema. "Msipoifunga upya, ndoo itazama."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Hakurudi shule. Kiti kikawekwa stoo, kuku wa mpishi wakakitagia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilidhani wanawafukuza wavivu. Kumbe jembe ndilo linalomgeuza mgeni kuwa mtu wa nyumbani, na asiyepewa jembe huambiwa kila siku, kwa tabasamu, kwamba kwao ni kwingine.

Kwa hiyo hotuba sikuandikii. Nenda ukamuulize yule msichana zamu yake ni ipi. Apate kazi ambayo asipoifanya mtapungukiwa, na akiiharibu mgombane naye kama mnavyogombana na yeyote. Na watu wema watakapokuja kumkalisha kivulini, maana watakuja, usiridhike na kuvuliwa beji kama mimi. Beji ni rahisi kuipoteza, na mtu huzeeka akiisimulia. Kaa naye palepale kwenye kazi yake, waite na wenzako wakae, wawe wengi mpaka anayetaka kumwondoa aone haya.

Nenda, mwanangu. Mola akupe wenzako wa kushika nao kamba, akuepushe na makofi ya mapema, na popote utakapofika usikose zamu yako. Amina.