Boksi la Mwalimu wa Uraia

Wanafunzi walimwita Mwalimu Boksi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila Ijumaa mchana alifunga mapazia ya maktaba, akatundika shuka jeupe ukutani, akawaonyesha filamu za nchi za mbali: wavuja jasho wa viwandani, wakimbizi, watoto wasio na kwao. "Dunia haiishii hapo getini," aliwaambia. Haya, sawa. Lakini mzazi mmoja aliwahi kuja juu kwa ajili ya busu moja la filamuni, na tangu siku hiyo mwalimu akawa anasimama kando ya projekta na kipande cha boksi la sabuni. Nyuso mbili zikikaribiana tu, pu! Giza. Wanafunzi wanaguna, yeye anatazama dari kana kwamba hayumo.

Mkewe alimcheka hadi basi. "Baba watoto, hawa wanne wetu tuliwapata huku umeshika boksi?"

Ijumaa moja alilishika boksi kwa mikono miwili. Mkuu wa shule, mama asiyecheka na mtu, alikuwa ametangaza kwamba anakuja kujionea mwenyewe. Akikuta upuuzi, Ijumaa zote zinageuka kuwa za hesabu. Na mwalimu alizipenda Ijumaa zake jamani! Balaa zaidi, filamu ilikuwa mpya, na jana yake umeme ulikatika kutwa nzima, kwa hiyo hakuipitia hata kidogo. Itabidi azibe kwa kubahatisha.

Mkuu akakaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Filamu ilimhusu msichana aliyekwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani, akanyang'anywa pasipoti, mama yake akabaki kupiga simu isiyopokelewa. Hata wale wa nyuma waliacha kutafuna. Hatimaye, uwanja wa ndege. Msichana akatokea mlangoni, mtu akamkimbilia mikono wazi, nyuso zikakaribiana...

Pu!

"Toa hilo boksi!"

Alikuwa mkuu, kasimama, mkoba uko sakafuni. "Mwanangu yuko hukohuko, tangu aondoke sijamtia machoni. Leo angalau nimwone wa mwenzangu akirudi, na wewe unaniziba?" Mwalimu alitamani ardhi ipasuke. Mkuu akampokonya boksi, akalikalia. "Rudisha nyuma."

Akarudisha. Mama na mwana wakakumbatiana, wakakumbatiana, na mkuu akalia bila kujificha. Mwalimu naye machozi yakamtoka.

Kumbe msichana alikuwa na mchumba, naye yupo hapohapo uwanjani, na maua yake! Mwalimu akamwona anakuja, midomo mbele, na boksi limekaliwa. Afanyeje? Akajirusha mbele ya shuka, mikono kama kipa. Busu likatua kwenye shati lake jeupe, likaenea kitambi chote.

Maktaba ikaangua kicheko. Mkuu akajifuta macho kwa kiganja.

"Mwalimu, kaa chini, unatuziba," alisema. "Na Ijumaa ijayo kiti changu ni hikihiki."