Seva Tuliyoiacha Tunduma

Siku niliyotumwa Tunduma kuchagua seva ya tovuti ya jarida letu la wanachuo, nilijiona fundi kwelikweli. Nilitaka diski mbili, ili moja ikifa makala zibaki kwenye nyingine. Nilitaka na betri ya akiba, maana umeme wa kwetu Vwawa haupigi hodi unapoondoka.

Muuzaji wa kompyuta za mitumba karibu na mpaka wa Zambia alinifungulia mashine tatu nikazichungulia matumboni. Ya kwanza ilinguruma, ya pili ilijaa vumbi jekundu, ya tatu nikaipenda. Utaratibu wa pale ni kuacha mashine ya zamani na kuongeza pesa kidogo, basi nikamwachia ya kwetu niliyokuja nayo. Mafaili nilikuwa nimeshayafuta yote. Nilirudi chuoni nikijipongeza.

Kesho yake, kwa kiherehere changu tu, nikaijaribu mashine mpya kwa programu ya kurudisha vilivyofutwa. Zikaibuka picha za harusi ya watu nisiowajua. Ikafuata barua ya daktari, na jina la mgonjwa. Mwenye mashine wa kwanza alidhani amezifuta, kama nilivyodhani mimi.

Kwenye ile ya zamani kulikuwa na orodha ya majina halisi ya waandishi wetu. Jaridani walitumia majina ya kubuni, lakini mhariri alitaka kila mmoja ajulikane kwetu. Mmoja alikuwa binti wa Itaka, aliyeandika kuhusu mkufunzi anayewaita wasichana ofisini kwake kuzungumzia maksi. Mkufunzi huyo alikuwa bado anaulizia mwandishi ni nani. Akimjua, binti hana chuo tena.

Nikapanda gari la asubuhi kurudi Tunduma.

“Ile? Imeshavuka, dogo,” muuzaji akasema. “Kachukua mama mmoja wa Nakonde, siku ileile uliyoiacha.”

“Na diski yake?”

“Sasa kompyuta bila diski ataifanyia nini?” Akacheka. Namba ya simu ya huyo mama hakuwa nayo. Nilivuka mpaka, nikashinda Nakonde nikiuliza duka kwa duka, nikarudi mikono mitupu.

Sikumwambia mhariri. Niliogopa, huo ndio ukweli, na niliogopa zaidi kila mkufunzi yule aliponipita koridoni akanisalimia kwa upole.

Wiki iliyofuata binti akanifuata chumba cha jarida. Akaitazama seva mpya, taa zake zikimetameta, akauliza kwa sauti ya chini, “Kaka, majina yetu mmeyaweka humu?”

“Yako salama,” nikasema.

Akashusha pumzi, akanipa karatasi mbili zilizokunjwa. Ilikuwa makala nyingine, kali kuliko ile ya kwanza. Chini kabisa, kama tulivyomfundisha, alikuwa ameandika jina lake kamili.