Siku Saba za Tabibu Deo

Siku waliponipigia simu nilikuwa Mollo, shambani kwa mama, tunavuna ulezi. Nilikuwa na likizo ya wiki mbili na nilikuwa nimeshamaliza siku nne. Mama alitangulia, mimi nilifuata nyuma na kikapu, na upepo wa Juni ulikuwa unapasua midomo. Alikuwa ananilalamikia kwamba tangu niajiriwe mjini nimesahau kuinama. Simu ikalia kwenye mfuko wa sweta. Alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali yetu ya Sumbawanga, akaniuliza kama naweza kushuka Ziwa Tanganyika keshokutwa.

"Kuna nini, sista?"

"Watu wanavuka kutoka Kongo, Gaudensia. Wengi. Na kipindupindu kimeshaingia kambini."

Nilimwambia mama nitarudi baada ya wiki tatu. Nilikaa miezi minne.

Kambi ilikuwa kwenye uwanja wa mpira wa kijiji kimoja, kusini kidogo ya Wampembe. Mchana boti zilifika moja moja, zimezama kwa uzito mpaka maji yanaingia. Watu walishuka na vitu ambavyo mtu huchukua asipopewa muda wa kufikiri. Mzee mmoja alishuka na mlango wa nyumba yake, mlango mtupu, akauweka mchangani na kuukalia. Wengine walishuka na risasi mwilini. Walituambia habari za vijiji vyao kwa maneno machache, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa: waliingia alfajiri, walichoma, waliua wanaume, tulikimbia. Vita sikuviona kwa macho yangu. Nilivipokea vikishuka kwenye boti, nikaviosha kwa maji ya klorini.

Mimi na Deo tulipangiwa zamu ya usiku, jioni mpaka asubuhi. Alikuwa tabibu, mtu wa Chala, mtoto wa katekista, mrefu kiasi kwamba alitembea ameinama ndani ya mahema. Mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka maji, mishipa yake hujificha, na mtoto mdogo ndiyo usiseme. Deo aliipata. Alishika mkono wa mtoto, akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na sindano ikaingia mara ya kwanza. Akina mama wa kambini walimwita Muganga Murefu.

Tulikuwa wawili tu, pamoja na Mama Zainabu, mjane wa mvuvi, aliyekoroga klorini na kumwaga ndoo zilizowekwa chini ya vitanda. Vitanda vya kipindupindu vina tundu katikati. Usiku kucha unasikia sauti ya ndoo. Usiku wa tatu walifariki watu tisa, na mimi nilikuwa nimetoka kumfunga mmoja kwenye mfuko. Nilikaa chini kwenye matope. Nililia kwa ajili ya maumivu ya miguu yangu, wala si kwa ajili ya maiti.

Deo alichuchumaa mbele yangu. Akafungua kiganja.

"Meza hii, mdogo wangu. Utasimama mpaka asubuhi."

Nilikijua kile kidonge. Ni tramadol, dawa ya maumivu, niliwagawia wagonjwa kila siku. Nilimeza. Baada ya nusu saa miguu ilikuwa ya mtu mwingine, na harufu ya hema ilikuwa mbali. Nilifanya kazi vizuri usiku ule. Hilo lazima niliseme, kwa sababu ndilo lililonidanganya. Sikukosea dripu hata moja, nilicheka na Mama Zainabu, nilimbembeleza mtoto asiye wangu. Kesho yake jioni nilimtafuta Deo kabla ya kuvaa buti.

Mwezi wa pili nilikuwa nahitaji kimoja kuingia zamu, kimoja katikati, na kingine cha aina tofauti asubuhi ili nilale, maana usingizi wa mchana kwenye joto la ziwani haukuja wenyewe. Kila mtu kambini alikuwa na chake. Dereva alikuwa na konyagi kwenye chupa ya maji. Mhudumu mmoja wa zamu ya mchana alikunywa chupa nzima ya dawa ya kikohozi na hakuwa na kikohozi. Hatukusemana. Wakubwa waliokuja kututembelea walituita askari wa mstari wa mbele, wakapiga picha na sisi, wakarudi Sumbawanga kabla jua halijazama.

Deo yeye alikuwa ameshavuka vidonge, nami sikutaka kujua. Dawa kali za sindano za maumivu zilifungiwa kwenye sanduku la chuma, na kila inayotolewa ilitakiwa kuandikwa kwenye daftari na kusainiwa na watu wawili. Yeye aliandika, mimi nilisaini. Nilisaini bila kusoma. Mtu anayekupa kidonge chako hulisomi daftari lake.

Riziki aliletwa saa kumi na moja jioni, ndiyo kwanza tunapokea zamu. Alikuwa mwanamke wa kama miaka thelathini, mwalimu wa shule ya msingi huko kwao, ana risasi pajani ya siku nne, na binti yake Neema wa miaka minne ameshikwa na kuhara. Jeraha lilikuwa limeoza. Lilitakiwa kufunguliwa na kusafishwa saa ileile. Nilichukua ufunguo kwa Deo, nikaenda kwenye sanduku kumchukulia dawa ya maumivu.

Sanduku lilikuwa tupu.

Nilifungua daftari, nikasoma kwa mara ya kwanza. Mzee wa kitanda cha nne, sindano moja. Mzee wa kitanda cha nne alikuwa amezikwa siku mbili kabla ya tarehe ile. Chini yake palikuwa na saini yangu.

Tulimsafisha Riziki bila dawa. Niliviringisha kitenge, nikakiweka kati ya meno yake, nikamlalia kifuani. Deo alikata. Mikono yake ilikuwa imara, ila jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu. Riziki alipiga kelele mpaka sauti ikaisha, kisha akawa anafungua mdomo tu. Neema kwenye kitanda cha pembeni alikuwa anamwangalia.

Nilimfuata Deo nyuma ya hema la stoo. Alikuwa anatapika.

"Kaka Deo, dawa zimekwenda wapi?"

Hakukana. Alijifuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Nipe siku saba, Gaude. Timu mpya inakuja. Wakifika tu nitapanda Sumbawanga mwenyewe, nitajisema kwa mdomo wangu. Mama yangu asiisikie kwa watu."

"Umemsikia yule mama alivyolia?"

"Nimemsikia. Nitamsikia mpaka nakufa. Siku saba."

Nikamkubalia. Nilijiambia ni huruma, na huruma ilikuwepo. Lakini pia nilijua kwamba atakapotajwa yeye nitatajwa na mimi, na mfukoni nilikuwa nimebakiwa na vidonge sita. Nilichofanya ni kumnyang'anya ufunguo wa sanduku, nikaufunga kwenye kamba shingoni. Nikajiona nimetenda jambo.

Siku ya nne gari lilileta dawa mpya. Deo alikuwa anatetemeka siku hizo, pua inamchuruzika, hali chakula. Lakini aliingia zamu. Hakukuwa na mwingine.

Usiku wa tano gari la wagonjwa lilikuwa limepanda mjini na mama mmoja aliyeshindwa kujifungua. Hemani tulikuwa na wagonjwa kumi na mmoja kwenye dripu. Nilikuwa nahangaika na kijana aliyepoteza mapigo, mikono yote miwili imeshikwa, Deo aliposimama nyuma yangu.

"Riziki anabadilishiwa bandeji. Safari hii asiumie. Nipe ufunguo."

Niliinamisha shingo, akauvua mwenyewe.

Sijui zilipita dakika ngapi.

Nilisikia Mama Zainabu akiita kutoka stoo. Hakuita jina langu. Aliita tu, "We! We! We!"

Deo alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea maboksi, kidevu kifuani. Midomo ya bluu. Sindano ilikuwa bado kwenye mkono.

Mapigo yalikuwepo. Pumzi haikuwepo.

Tulimburuta mpaka hemani, katikati ya vitanda, kwa sababu mwanga ulikuwa pale. Dawa ya kumzindua hatukuwa nayo kambini. Tulikuwa na mpira wa kupulizia hewa. Nilimweka kinyago usoni, nikafinya. Kifua kikapanda. Nikafinya tena. Daktari alilala kijiji cha pili, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu, na simu yake iliita mpaka ikakata.

"Mama Zainabu, kimbia."

Akavua buti, akaingia kizani.

Nikabaki peke yangu na wale kumi na mmoja wa dripu, na Deo.

Nikiuachia mpira, Deo atakufa. Nisipouachia, dripu zitakauka. Kijana wa kitanda cha pili macho yalikuwa yameanza kupinduka. Dripu ya mama mjamzito ilibakiza kidole kimoja cha maji. Nilifinya, nikatazama dripu, nikafinya, nikatazama dripu.

"Yaya."

Alikuwa Riziki, ananiita dada kwa neno la kwao. Ameketi kitandani, mguu wake wa bandeji umenyooshwa, mikono yote miwili ameinyoosha kwangu.

"Lete. Nionyeshe."

Nilimsogeza Deo mpaka kichwa chake kikawa kando ya kitanda cha Riziki. Nikamwonyesha jinsi ya kubana kinyago. Finya, achia, hesabu mpaka tano. Finya, achia. Alielewa mara moja. Nikakimbilia kitanda cha pili.

Usiku ule nilibadilisha dripu sijui ngapi. Kila nilipogeuka nilimwona Riziki ameinama, anahesabu kwa sauti, kama anavyohesabisha darasa. Mkono mmoja ulipochoka alibadilisha. Damu ilikuwa imeanza kupenya kwenye bandeji yake, maana kwa kuinama vile alikuwa amelifungua jeraha. Nilimwambia apumzike. Akatikisa kichwa. Mara moja tu aliniuliza, "Daktari amepatwa na nini?" Nikamjibu kwamba ni uchovu.

Karibu na alfajiri moyo wa Deo ulisimama. Nilimkandamiza kifua mpaka nikasikia mbavu zikivunjika. Daktari alipofika kwa pikipiki, Mama Zainabu amekaa nyuma yake pekupeku, Riziki alikuwa bado anafinya. Nilimshika kiganja, nikamwambia kwa neno lake mwenyewe.

"Basi, Yaya. Basi."

Hatukujua alikuwa amekaa stoo bila pumzi kwa muda gani kabla hatujamkuta. Daktari alisema pengine alikuwa ameshaondoka tangu mwanzo, na sisi tulikuwa tunaupulizia mwili. Huenda alitaka kunifariji. Wagonjwa kumi na mmoja walikuwa hai wote.

Wakubwa wa hospitali walitaka kuandika kwamba Deo alikufa kwa kipindupindu, ameambukizwa kazini. Nadhani waliotaka hivyo hawakuwa watu wabaya. Niliomba kukaa na timu ya uchunguzi iliyotumwa kutoka Sumbawanga, nikawaeleza yote: daftari, siku saba, ufunguo, na vidonge vyangu mwenyewe. Mmoja wao aliweka kalamu chini akaniuliza kama nina hakika nataka hili la mwisho liandikwe. Nikasema liandikwe.

Tulimzika Chala. Mama yake alinishika mikono miwili mbele ya watu, akanishukuru kwa kukaa na mwanawe mpaka mwisho. Watu wa hospitali walikuwa wameshamweleza, maana wakati wa kuaga aliniinamia sikioni, akasema, "Angeniambia mimi. Ningemfungia ndani, ningempikia uji, angepona." Nilimwambia kwamba alikuwa anaogopa kumwaibisha. "Aibu," akasema, akaachia mikono yangu, akaingia ndani.

Nilirudi kambini kwa siku tatu kuchukua vitu vyangu. Wakimbizi walikuwa wanahamishwa na mabasi kwenda mkoa mwingine. Riziki alikuwa kwenye foleni, anategemea gongo, Neema amebebwa na jirani. Ningeweza kumpungia mkono tu. Nilimvuta pembeni nikamweleza dawa yake ilikwenda wapi siku ile aliyopasuliwa, na nani aliitumia, na nani alisaini.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwona akirudi nyuma kimawazo, kwenye kitenge kati ya meno.

"Kwa hiyo ile siku dawa ilikuwa yangu."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua, wakati unanipa ule mpira."

"Nilijua."

Foleni ilisogea. Alisogea nayo hatua moja, kisha akageuka.

"Ungeniambia usiku ule, nisingeushika."

Alipanda basi kwa shida, akiuinua mguu kwa mikono, na hakuangalia dirishani.

Nilikwenda Mollo. Kwa wiki mbili nilitetemeka kitandani kwa mama, naharisha, natokwa na jasho, mifupa inawaka. Mama alidhani ni malaria, mpaka nilipomwambia si malaria. Hakuuliza la pili. Alilala mlangoni kwangu, amejifunika blanketi, ili nisitoke. Leseni yangu ilisimamishwa mwaka mmoja, na niliporudishwa niliomba kliniki ya mama na mtoto, kazi ya mchana. Ndipo nilipo hadi leo. Dawa kali sizigusi. Nimeomba iandikwe kwenye faili langu nisikabidhiwe ufunguo.

Wanaonijua huniuliza, tena wengine kwa wema, kama Deo alikuwa mwizi au alikuwa mgonjwa. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Watoto aliowapata mishipa pale ufukweni ni wengi kuliko watu aliowanyima dawa, nami nimejaribu mara nyingi kuiweka hesabu hiyo iwe sawa. Kila nikikaribia, namsikia Riziki akipiga kelele, naacha. Aliniomba siku saba nikampa. Ningemkatalia siku ya kwanza, pengine angenichukia, na leo tungekuwa hatusalimiani, tunapishana tu kwenye barabara za Sumbawanga, yeye ameinama vilevile kama yuko hemani.