Ukuta wa Matundu

Juzi niliona mafundi wakipaka rangi ule ukuta wa matundu wa jumba kubwa la mji, nikasimama nikitabasamu kama mjinga.

Nilipokuwa mdogo, ukuta ule ulinitoa machozi. Tulikuja kwa miguu kutoka mtaa wetu wa Mangobo kwa ndoa ya tonton, mdogo wake papa, nguo zetu zikinuka sabuni na makaa ya pasi. Nyumba yetu ilikuwa na matundu matatu ya risasi za vita, ambayo mama aliyaziba kwa matambara. Hapa matundu yalikuwa mamia, kuanzia chini hadi karibu na paa. Nikagoma kuingia.

“Papa, hapa walipiga siku ngapi?”

Papa, aliyekuwa mwashi, aliniinamia. Kisha akanibeba hadi ukutani.

“Hapa hakuna mutu alipiga. Ni fundi alitoboa, juu upepo iingie. Tia mukono.”

Nikatia. Kingo zilikuwa laini, kila tundu limetengenezwa kama ua, na hewa baridi yenye harufu ya nta ya sakafu ikapita vidoleni mwangu. Ndani walikuwa wakipiga vigelegele.

Leo najua ukuta wa namna hiyo huitwa claustra. Siku ile nilijua jambo moja tu, likanitosha: kumbe mtu anaweza kutoboa ukuta bila kuwa na hasira.