Shahidi wa Swala za Zuberi

Msiba wa Zuberi Masalu haujapoa, mdogo wake Twaha alikwenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi. Zuberi na mkewe Paskazia hawakujaliwa mtoto. Kilichobaki ni nyumba ya Igogo, na kila tofali la nyumba ile Paskazia alilitafuta kwa kuuza dagaa soko la Mwaloni. Lakini hati ilikuwa na jina la mume, na Paskazia ni Mkatoliki. Walifunga ndoa bomani, kila mtu akabaki na dini yake, wakaishi vizuri tu. Sasa Twaha alisema, kwa upole unaoudhi kuliko matusi, kwamba asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu.

Jirani wa Paskazia, Gladness, alimpeleka kwenye ofisi ya msaada wa sheria. Wakaambiwa Katiba inakataza kumbagua mtu kwa dini yake, ila kuipigania hiyo haki ni kazi ya miaka. Njiani Gladness akaja na lake.

"Dada, hakimu atauliza marehemu aliishi vipi. Wakiona hakushika dini, sheria ya Kiislamu wanaiweka pembeni. We sema alikuwa haswali. Nyumba unabaki nayo."

"Zuberi haswali?"

"Si ameshakufa, dada! Atakusikia wapi?"

Paskazia aliubeba uongo ule mpaka kizimbani, na nani wa kumlaumu? Hakimu alipomuuliza kama mumewe alikuwa mtu wa swala, alijibu, "Hapana, mheshimiwa." Mzee mmoja wa baraza akakunja uso.

"Hata Ramadhani alikuwa anakula mchana, kama wahuni wengine?"

Neno hilo lilimchoma. Zuberi wake, mhuni?

"Alifunga!" alifoka. "Daku nilimwamsha mimi. Maji ya kutawadha nilimchotea mimi. Alipokuwa anakata roho aliniomba nimgeuze aelekee kibla, nikamgeuza kwa mikono hii!"

Kadiri alivyomsifu mumewe, ndivyo nyumba ilivyomtoka. Twaha, ambaye msikitini alionekana sikukuu kwa sikukuu, aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Mahakama ikaamua mirathi iende kwa sheria ya Kiislamu, na Paskazia akaambiwa akitaka akate rufaa.

Nje alimkuta shehe wa msikiti wa Zuberi, aliyekuja kusikiliza kesi.

"Shikamoo, shehe."

"Marahaba, mama. Pole sana."

"Dini yenu nimeitumikia kuliko huyo Twaha. Leo inanitupa barabarani?"

"Kurithi hukuwa na fungu, hilo ni kweli," shehe alisema. "Lakini Zuberi aliruhusiwa kukuusia mpaka theluthi ya mali yake. Alipoanza kuumwa nilimwambia aandike wasia, mkewe asije akahangaika."

"Akasemaje?"

"Alisema Twaha angekasirika."

Tangu mazishi Paskazia alikuwa akimlaani Twaha, akaja kumlaani hakimu, akailaani na sheria yenyewe. Mtu mmoja tu alikuwa hajamlaani, na huyo ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumwokoa, akaona bora mkewe akose pa kulala kuliko mdogo wake anune.

Alipohama Igogo, majirani walimsifu kwa kujikaza, maana hakutoa hata chozi. Hakuwa amejikaza. Alikuwa ameacha kumlilia Zuberi.